Jibu kwa msomaji wa Mwanza: fedha za makampuni unaanzia wapi?

Dada mmoja wa Mwanza ameniandikia, nafupisha: alisomea ualimu wa hesabu, akaishia kuajiriwa uhasibu kwenye kampuni inayosambaza simenti na vifaa vya ujenzi kanda ya ziwa. Siku hizi bosi anamuita kwenye vikao vya maamuzi, watu wanaongea mtaji, riba, NPV (thamani ya leo ya hela za mradi ukitoa gharama yake), yeye anaitikia tu. Kanunua kitabu kikubwa cha Kiingereza kakwama sura ya tatu. Anauliza aanzie wapi, na je ni lazima akasome MBA, ile shahada ya uzamili ya biashara?

Dada yangu, asante sana kwa swali, na nimelifurahia kwa sababu wewe tayari una vitu viwili ambavyo wengi hawana, hesabu hazikutishi na kila siku unashika vitabu vya kampuni halisi. Umekwama sura ya tatu kwa sababu vitabu vingi vinakurushia fomula kabla hujaona tatizo ambalo fomula imekuja kulitatua. Weka kitabu pembeni kwanza, utakirudia baadae na utashangaa kinavyosomeka.

Somo lote la fedha za makampuni lina maswali matatu tu: hela tuiweke wapi, hela tuipate wapi, na ikishazaa tuwape wenye kampuni au tuibakize ndani. Kila neno unalosikia kwenye kikao linaingia kwenye swali mojawapo hapo. Ila kabla ya hayo maswali kuna kitu lazima ukielewe mpaka kiingie kwenye damu, nacho ni kwamba faida sio keshi.

Chukua kampuni kama yenu. Tuseme mnachukua mzigo kiwandani wa milioni 90 kwa mwezi mnalipa papo hapo, mnauuza milioni 100, ila wenye maduka ya hadwea Geita na Sengerema wanawalipa baada ya siku 60. Mwezi wa kwanza imetoka 90, haijaingia hata mia. Mwezi wa pili imetoka tena 90, bado haijaingia kitu. Hapo vitabu vinasema mna faida ya milioni 20, na benki inasema mmetoka milioni 180! Mwezi wa tatu ndo milioni 100 ya kwanza inaingia huku 90 nyingine inatoka, kwa hiyo kuanzia hapo shimo linazibika kwa milioni 10 kila mwezi, yaani mwaka mmoja na nusu mbele ndo mnarudi sifuri. Na hapo sijaweka mishahara, dizeli wala mteja asiyelipa.

Sasa bosi anaona faida, anafurahi, anasema tudabo mauzo. Mauzo yakidabo na shimo linadabo. Ndo maana kampuni inaweza kufa huku inakua, tena inakufa na wateja wamejaa mlangoni. Hiyo hela iliyolala kwa wadaiwa na stoo, ukitoa ile mnayodaiwa na masaplaya, ndo inaitwa mtaji wa uendeshaji, na kwa biashara ya usambazaji kama yenu naamini hili ndo somo la kwanza, ingawa vitabu vingi vinaliweka mwishoni kabisa kama kiporo. Kazi yako ya wiki hii: fungua orodha ya wadaiwa, hesabu kwa wastani wateja wanawalipa baada ya siku ngapi, afu hesabu simenti inakaa stoo siku ngapi, afu nyie mnamlipa saplaya baada ya siku ngapi. Jumlisha mbili za kwanza, toa ya tatu. Hizo ndo siku ambazo hela yenu inakuwa nje kabla haijarudi. Ukiingia kikaoni na hiyo namba moja tu tayari una cha kusema.

Uone hatari yake kwa kampuni kubwa, kumbuka Nakumatt, ile supamaketi ya Kenya. Walikuwa na matawi zaidi ya 60 Kenya, Uganda, Rwanda na hapa kwetu, hata Mlimani City Dar walikuwepo. Supamaketi kwa asili ni biashara tamu sana ya keshi, mteja analipa kaunta hapo hapo, saplaya anasubiri wiki kadhaa, yaani ni kinyume kabisa na nyie, masaplaya ndo wanakukopesha. Wakaitumia hiyo hela pamoja na mikopo ya muda mfupi kufungua matawi mapya, na tawi ni kitu kinachorudisha hela kwa miaka. Saplaya akishaanza kuchelewa kulipwa anaacha kuleta mzigo, rafu zikiwa tupu mteja haji, mteja asipokuja keshi inakata, na hapo hakuna wa kuwalipa hao masaplaya wa kwanza. Januari 2018 mahakama ikaiweka chini ya msimamizi, Januari 2020 wadai wakapiga kura ifungwe. Deni lilikuwa zaidi ya bilioni 30 za Kenya. Kwa hiyo kitu cha miaka mitano usikilipie kwa hela inayodaiwa baada ya siku 60, haijalishi mauzo yanaonekana mazuri kiasi gani.

Haya, tuje swali la kwanza, hela tuiweke wapi. Hapa ndo penye ile NPV iliyokuwa inakupita. Tuseme kampuni inataka kununua lori la milioni 120 ili muache kukodi. Mmepiga hesabu lori litawaokolea milioni 40 kila mwaka kwa miaka minne baada ya kutoa dizeli, dereva, matairi na kodi, na mwaka wa nne mtaliuza milioni 20. Kikaoni mtu atasema: tunatoa 120 tunapata 180, faida milioni 60, tununue. Inasikika vizuri, lakini milioni 40 ya mwaka wa nne sio sawa na milioni 40 ya leo, maana ya leo ungeweza kuiweka sehemu ikazaa. Kwa hiyo kila hela ya mbele unaishusha mpaka thamani yake ya leo, unagawanya kwa moja jumlisha kiwango, na unarudia kugawanya kwa idadi ya miaka, ya mwaka wa pili mara mbili, ya mwaka wa tatu mara tatu.

Tutumie 18%. Milioni 40 ya mwaka wa kwanza leo ni 33.9, ya pili 28.7, ya tatu 24.3, na ya mwaka wa nne ambayo ni 60 ukijumlisha na bei ya kuuzia lori inakuwa 30.9. Jumla ni kama 117.9. Umelipa 120, kwa hiyo umepoteza milioni mbili hivi, ile faida ya 60 imeyeyuka yote. Sasa rudia hesabu hiyo hiyo kwa 15%, inakuja kama 125.6, mradi unakupa milioni 5.6 juu. Lori ni lile lile, dereva yule yule, barabara ile ile ya Geita, kilichobadilika ni asilimia tatu tu. Kiwango ambacho lori linatoka sare, wanachokiita IRR, kiko kama 17%. Fanya hii kwa mkono kwanza, kalamu na karatasi, wewe ni mwalimu wa hesabu itakuchukua dakika kumi, afu ndo uende Excel. Na ukiwa Excel angalia kitu kimoja kinachowaangusha wengi: ile fomula yake ya NPV inachukulia namba ya kwanza uliyoiingiza kuwa ni ya mwisho wa mwaka wa kwanza, kwa hiyo ile milioni 120 ya leo usiiweke ndani ya mabano, itoe nje ya fomula, la sivyo kila namba inashushwa mwaka mmoja zaidi, na faida au hasara ya mradi inaonekana ndogo kuliko ilivyo.

Kuna makosa mengine nayaona kila nikikagua hesabu za miradi, yakariri. Uchakavu, yaani thamani ya lori inayopunguzwa vitabuni kila mwaka, sio keshi, unauweka tu kwa sababu unapunguza kodi, ukishakokotoa kodi unaurudisha. Riba ya mkopo haiingii kwenye mtiririko wa fedha wa mradi, kwa sababu ile asilimia 18 tayari imeibeba, ukiiweka tena umeihesabu mara mbili. Hela iliyokwisha kutumika kwenye upembuzi yakinifu imeenda, mradi ukubaliwe au ukataliwe hairudi, kwa hiyo isiingie kwenye uamuzi. Na mtaji wa uendeshaji uweke, watu wanausahau sana huu, maana lori likiwafikisha wateja wapya Chato hao wateja nao watataka mkopo wa siku 60.

Sasa hiyo asilimia inatoka wapi? Hapa naomba utulie maana ndo moyo wa somo, na ndipo vikao vingi vinapotaja namba hewani tu, mtu anasema "tutumie kumi" na wenzake wanatingisha kichwa. Anza na chini kabisa, serikali. Mwaka 2021 Benki Kuu ilipoanza kuuza hatifungani ya miaka 25, yaani karatasi ya kuikopesha serikali, ilikuwa inalipa 15.95% kwa mwaka. Yaani mtu mwenye hela zake angeweza kuiweka pale akalala, hana dereva, hana pancha, hana trafiki. Lori letu linalipa 17. Hiyo asilimia moja na kidogo ndo malipo ya pancha, ajali, mteja kukimbia na usingizi wote utakaokosa. Je inatosha? Mi nasema haitoshi, na hapo huhitaji shahada kuliona. Riba za serikali zinapanda na kushuka, mwaka uliofuata viwango vya hizo za muda mrefu vilishushwa, kwa hiyo kila ukifanya hesabu angalia mnada wa karibuni Benki Kuu unasema nini, hiyo ndo sakafu yako. Juu ya sakafu unaongeza malipo ya hatari ya biashara yenyewe.

Afu unachanganya. Tuseme nusu ya hela ya kampuni ni ya benki kwa riba ya 20%, na nusu ni ya wenye kampuni ambao kwa hatari ya biashara hii wanataka angalau 22%. Kodi ya makampuni Tanzania ni 30% na riba inakubalika kama gharama kabla ya kodi, kwa hiyo ile 20% mnaihisi kama 14%, TRA imebeba zilizobaki. Nusu ya 14 ni 7, nusu ya 22 ni 11, jumla 18%. Hiyo ndo wastani wa gharama ya mtaji, na ndo sababu nilitumia 18 kwenye lori. Vitabu vitakupa njia ndefu ya kutafuta ile 22 kwa kutumia bei za hisa sokoni, modeli iliyotoka kwa mchumi William Sharpe mwaka 1964, nzuri sana kuielewa, ila kwa kampuni binafsi ya Mwanza na soko kama DSE, soko la hisa la Dar es Salaam, ambako hisa nyingi zinakaa siku nyingi bila kuuzwa, namba utakayoipata haitakuwa na maana kubwa. Anza na sakafu ya serikali, ongeza kwa akili, andika sababu zako kwenye karatasi ili mtu azibishie akitaka.

Swali la pili, hela tuipate wapi. Ukiangalia hiyo hesabu juu utashawishika kusema kama mkopo ni 14 na hela ya wenye kampuni ni 22, basi tukope yote! Mwaka 1958 wachumi wawili, Modigliani na Miller, walionyesha kwamba kama hakuna kodi na hakuna gharama za kufilisika, mchanganyiko wa mkopo na hisa haubadilishi thamani ya kampuni hata kidogo, kwa sababu ukikopa zaidi wenye hisa wanaona hatari imepanda na wao wanadai zaidi. Kodi inafanya mkopo uwe na unafuu kidogo, kufilisika kunafanya uwe na sumu, na kila kampuni inatafuta mahali pa kusimama kati ya hayo mawili. Nadharia hii isome taratibu, usiikariri.

Mfano wa sumu ni Kenya Airways. Walipanga upanuzi mkubwa, ndege mpya, mikopo mikubwa ya dola. Ikaja hofu ya ugaidi utalii ukashuka, ikaja Ebola 2014, abiria wakapungua, ila mkopo hauulizi kama abiria wapo, tarehe ikifika unataka chako. Mwaka ulioishia Machi 2015 walipata hasara ya bilioni 25.7 za Kenya na uliofuata bilioni 26.2. Mwaka 2017 ikabidi madeni yageuzwe hisa: serikali ikafika 48.9%, benki zilizokuwa zinadai zikajikuta zina 38.1% ya shirika la ndege, na KLM, shirika la ndege la Uholanzi, waliokuwa na 26.7% wakabaki na 7.8%. Zile asilimia za KLM zisome mara mbili, hivyo ndivyo mwenye hisa anavyolipia deni lililozidi.

Na jambo dogo hapo hapo, ukisikia kampuni imeuza hisa kwa umma uliza hela imeenda kwa nani. Safaricom 2008 ziliuzwa hisa bilioni 10 kwa shilingi 5 za Kenya, bilioni 50, watu wanadhani Safaricom ilipata mtaji. Haikupata, muuzaji alikuwa serikali na hela ilienda serikalini. Hisa mpya zikitolewa na kampuni yenyewe ndo kampuni inapata.

Swali la tatu la gawio sikukalishi sana. Kama kampuni ina miradi inayozidi ile 18%, ibakize hela, kama haina iwarudishie wenye mali wakatafute wenyewe. Safaricom tena wanafaa, gawio lao lilishuka kutoka shilingi 1.39 kwa hisa kwa mwaka ulioishia Machi 2022 hadi 1.20 mwaka uliofuata, kipindi hicho hicho wanamwaga hela Ethiopia ambako huduma zilianza rasmi Oktoba 2022. Ukiunganisha hayo mawili umeshaelewa sura nzima. Kwenye kampuni za familia kama nyingi za kwetu, gawio mara nyingi linatoka kimya kimya, ada ya mtoto, gari la mama, vinaandikwa matumizi ya ofisi, na hapo hesabu zote nilizokueleza zinaharibika kwa sababu hujui tena biashara inazaa kiasi gani. Kama kwenu iko hivyo anza kuvitenga kwenye ukurasa wake, kwa heshima, bila kumshtaki mtu.

Namna ya kusoma sasa. Wewe uko kwenye simenti, basi ingia tovuti ya Twiga, pakua ripoti ya mwaka, iko DSE kwa hiyo ni ya umma. Usianze na picha za wakurugenzi wala barua ya mwenyekiti, nenda moja kwa moja taarifa ya mtiririko wa fedha, uone keshi iliyotoka kwenye shughuli zenyewe, linganisha na faida, afu tafuta tofauti inaelezwa na nini. Baada ya hapo nenda kwenye maelezo ya nyuma, yale maandishi madogo, soma ya wadaiwa na ya mikopo. Mara ya kwanza utatumia wikiendi nzima, ya tatu utatumia saa mbili. Afu fanya hivyo hivyo kwa Tanga Simenti miaka ile ile, weka kando kwa kando, na maswali yatakuja yenyewe, hapo ndo ukifungue kile kitabu kutafuta majibu.

Ukishafika hapo jipe zoezi la thamani. Mwaka 2024 kampuni ya kwetu Amsons ilitaka kuinunua Bamburi, kampuni ya simenti ya Kenya, kwa shilingi 65 za Kenya kwa hisa. Bamburi ina hisa kama milioni 363, piga hesabu inakuja karibu bilioni 23.6. Wakaja washindani wao Savannah Clinker na 70, baadae wakapandisha hadi 76.55, mwisho wakajitoa na Amsons wakakamilisha Desemba. Vitabu vya Bamburi ni vile vile, kila mtu anaviona, sasa imekuwaje bei tatu? Kaa na karatasi ujaribu: keshi gani kwa mwaka, inakua kwa asilimia ngapi, na kiwango gani cha kushusha kinakupeleka 65, kipi kinakupeleka 76. Hili zoezi litakufundisha kuliko miezi ya kukariri.

Kuhusu MBA, hapana, sio lazima, na usikope ada yake kwa ajili ya swali hili. Kama unataka karatasi, kwa kazi yako ya sasa mitihani ya CPA, ile ya uhasibu ya bodi ya wahasibu NBAA, inakufaa zaidi, ina fedha ndani yake na inakupa sahihi inayotambulika, na unaweza kuifanya huku unafanya kazi. MBA ina faida zake ukiwa unataka kuhamia uongozi, ila misingi hii unaimaliza kwa miezi sita ya jioni kama unafanyia mazoezi namba za kampuni yenu.

Na kikao kijacho wakileta mradi, huna haja ya kuongea sana. Subiri wamalize, afu uliza taratibu, "samahani bosi, hii asilimia tuliyotumia tumeitoa wapi, na wateja wapya watalipa baada ya siku ngapi?" Ukijibiwa niandikie walichosema, tuendelee kutokea hapo.